Wazazi tunaowaleta mjini wanazeeka haraka: tuzungumze kuhusu mtaa, majirani na afya ya wazee

Mnyoosha Viungo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Jambo hili limenikaa kifuani muda mrefu, leo naliweka mezani. Kazi yangu ni fiziotherapia. Nazunguka majumbani kwa wazee waliopata kiharusi, waliovunjika nyonga, au wale ambao miguu imegoma tu bila sababu inayoonekana kwenye vipimo. Eneo langu ni hapa Dar: Goba, Madale, Mbezi hadi Kibamba, kule tuliko­jenga sisi tuliopata viwanja miaka ya karibuni. Nyumba nzuri, ukuta mrefu, geti la chuma, nyaya za umeme juu. Ndani yake yupo mama au baba aliyeletwa kutoka Rombo, Muleba, Makete au Newala ili apumzike na atunzwe.

Maelezo ninayopewa mlangoni yanafanana nyumba hadi nyumba. Alikuja anatembea mwenyewe. Baadaye akaanza kushika ukuta. Sasa kunyanyuka kitini mpaka ashikwe. Watoto wananionyesha dawa za presha zilizopangwa vizuri, maziwa, matunda, godoro la gharama, king'amuzi chenye chaneli zote, halafu wananiuliza kwa uchungu kabisa: tumekosea wapi, mbona anaisha?

Hawajakosea kwenye chakula wala dawa. Ninachoamini mimi ni kwamba mzee hulelewa na mtaa wake pamoja na familia, na sisi tunamletea familia huku tukimnyang'anya mtaa.

Chukua mama wa Rombo. Kabla hajaletwa mjini aliamka alfajiri, akakata majani ya ng'ombe, akapanda kilima kwenda jumuiya, akashuka kwenda sokoni, akapita msibani kumenya ndizi na wenzake, jioni akaenda kumjulia hali jirani mgonjwa. Hakuna aliyeyaita hayo mazoezi, lakini mapaja yake yalikuwa yanafanya kazi kutwa. Mjini anakaa kwenye sofa laini, dada wa kazi anamletea kila kitu hadi mkononi. Misuli ya mzee haisubiri. Akilala kitandani siku 10 tu hupoteza nyama ya miguu kwa kiasi ambacho kijana hapotezi, na kuirudisha ni kazi kubwa.

Pimeni wenyewe nyumbani leo. Mzee akae kwenye kiti cha kawaida kisicho laini, akunje mikono kifuani, anyanyuke wima na kukaa tena, ahesabiwe kwa sekunde 30. Muwe na mtu karibu yake asije akaanguka. Kwa umri wa miaka 70 hadi 74, mwanamke asiyefikisha mara 10 na mwanamume asiyefikisha mara 12 wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kuanguka.

Miguu ni sehemu moja tu. Mwaka 2010 mtafiti Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, wakakuta kwamba wenye uhusiano imara na watu walikuwa na uwezekano wa kuendelea kuishi mkubwa kwa asilimia 50 kuliko wasio nao. Juni 2025 tume ya Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti yake: mtu mmoja kati ya sita duniani anaishi na upweke, na upweke unahusishwa na vifo takriban 871,000 kwa mwaka. Mtu mpweke halali vizuri, presha yake inapanda, anakula ovyo au hali kabisa, dawa anaziacha kwa sababu hakuna anayemuuliza, na akianguka chooni hakuna anayeshtuka kwamba leo hajaonekana.

Yupo mama mmoja wa Kagera ninayemhudumia. Kila nikifika namkuta kwenye kiti cheupe cha plastiki nyuma ya geti, penye upenyo kati ya geti na nguzo, upana wa vidole vitatu hivi. Anachungulia hapo na kusalimia kila anayepita. Muuza mboga anamjua kwa sauti, hajawahi kumwona uso mzima. Nyumbani walimkataza kwa ajili ya vumbi. Nikaomba kitu kimoja: geti dogo liwe wazi kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, kiti kitoke nje chini ya mwarobaini. Sasa muuza mboga anashusha beseni pale, mama anamsaidia kufunga mafungu ya mchicha, wamama wengine wawili wa jirani wanakuja. Kutoka chumbani kwake hadi pale nje anakwenda na kurudi kwa miguu yake, akiwa na haraka. Mazoezi niliyomwandikia kwenye karatasi yalikuwa hayafanyiki. Haya yanafanyika kila siku.

Nakaribisha maoni, hasa ya mnaoishi na wazee.

Mtoto wa Makete

Mkuu, umeongea vizuri ila kuna upande umeuacha. Baba yangu ana sukari. Kijijini zahanati ipo, lakini dawa yake siku nyingine haipo, na kliniki ya sukari ni hadi hospitali ya wilaya. Barabara wakati wa masika unaijua. Nani angempeleka? Vijana wote tuko Dar, Mbeya na Makambako. Huo mtaa unaousifia umebaki na wazee wanaotazamana wenyewe kwa wenyewe. Nilimleta kwa sababu ya mguu uliokuwa na kidonda, na mguu ule umepona. Tusiwafanye watu wajione wabaya kwa kuwahamisha wazazi.

Mnyoosha Viungo

Mkuu, kidonda cha sukari ni dharura, hapo hapana mjadala, ulifanya jambo sahihi. Ninachouliza ni kinachofuata baada ya mguu kupona. Baba anaamka asubuhi, anakwenda wapi? Nani anamhitaji leo? Kama majibu yapo, hapo Dar panamfaa. Kama hayapo, basi fikirieni kama anaweza kurudi kwa vipindi, au kama kuna watu wa kwao karibu na unapoishi. Wanamakete wengi tu wako Dar na wana vikundi vyao vya kuzikana. Mwandikishe baba kwa jina lake, awe mwanachama anayekaa kikaoni. Usimlipie tu michango.

Ngosha wa Kahama

Wadau, mimi natoka Usukumani na lazima niliseme hili. Mtaa unaweza kumlea mzee na mtaa huohuo unaweza kumuua.

Kwetu Shinyanga, Mwanza, Geita, bibi zetu wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu. Macho mekundu yanatoka wapi? Miaka hamsini ya kupuliza moto jikoni kusiko na dirisha. Kwetu kuni zimekwisha sehemu nyingi, watu wanapikia mabua na samadi kavu, moshi wake unachoma vibaya mno. Bibi anazeeka, macho yanawiva, mtoto wa jirani anaugua malaria anakufa, mtu anakwenda kupigiwa ramli chonganishi, jina la bibi linatajwa. Na ukichimba ndani, mara nyingi kuna shamba. Bibi mjane ana ekari zake, kuna ndugu wa marehemu mume anazitaka.

Bibi wa namna hiyo ukimwambia "kaa na jamii yako uzeeke vizuri" halali usingizi. Kuna mabibi wamehama vijiji wakaenda kuishi peke yao mjini, na mjini ndiko walikopona. Kwa hiyo mwanzisha uzi, tuseme vizuri: jamii ipi?

Mgiriama

Ngosha, umenigusa. Huku Kilifi, Kenya, ni vilevile, ila huku kwetu alama ni mvi. Mzee akiwa na mvi na shamba, vijana wa familia yake mwenyewe wanamwita mchawi. Kuna kituo cha kuwaokoa wazee pale Kaya Godoma, Ganze. Wazee waliotishiwa kuuawa wanakimbilia huko, wanalima pamoja, wanakula pamoja. Wazee wa pale wamepoteza kijiji walichozaliwa, lakini wao kwa wao wamejenga kingine. Pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali yetu, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na zaidi, zinasaidia, lakini haziwezi kumrudishia mzee usalama kwenye boma lake. Hapo panahitaji hati ya shamba yenye jina lake na chifu asiyeogopa watu.

Mnyoosha Viungo

Ngosha na Mgiriama, asanteni. Hili nilipaswa kulisikia kutoka kwenu na nalipokea lote. Nitalisema hivi: mtaa unaomfaa mzee ni ule ambao hakuna anayenufaika akifa. Na moshi wa jikoni uingie kwenye mjadala wa uzee moja kwa moja. Jiko lenye bomba la kutolea moshi kwa bibi wa Kishapu linalinda mapafu na macho yake, na kwenye mazingira mliyoyaeleza linalinda na shingo yake.

Bi Shani wa Chake

Asalaam aleikum. Mimi niko Pemba, nawasoma tangu asubuhi.

Hapa kwetu nyumba za zamani zina baraza nje, ya mawe au ya udongo, imejengwa pamoja na nyumba yenyewe. Baba yangu Mungu amrehemu alikuwa akitoka sala ya alasiri hukaa pale hadi magharibi. Kahawa inapita, bao linachezwa, na kila mtoto anayerudi chuoni, yaani madrasa, lazima aamkie. Akikosekana siku moja watu wanakuja kubisha hodi. Sasa angalieni nyumba mpya: hakuna baraza. Mtu anajenga vyumba vitano na choo ndani ya kila chumba, nje anaweka ukuta. Mafundi wetu wakiulizwa wanasema wenye nyumba hawataki watu wakae mlangoni.

Wanaume angalau wana msikiti. Sisi wanawake tulikuwa na kusuka ukili (mikanda ya majani ya kushonea mikeka) pamoja, kupeta mchele wa harusi, upatu, maulidi. Mama zetu wazee wakikaa ukilini wanaongea yote: mgonjwa nani, nani hajala. Mikeka ya plastiki imekuja na ukili umepungua, na baraza ya wanawake imepungua nao.

Kuhusu pesa. Zanzibar tangu Aprili 2016 kila mwenye miaka 70 anapata pensheni jamii, awe alifanya kazi serikalini au hakufanya. Ilianza 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Watu wanaibeza kwamba ni kidogo. Mimi nimemwona bibi yangu mdogo akitoa buku kwenye mchango wa harusi kwa mkono wake, mbele za watu, jina likaandikwa daftarini. Miaka iliyotangulia alikuwa haendi kabisa kwenye shughuli, anasema anaumwa magoti. Magoti ni yaleyale. Aliona haya kwenda mikono mitupu.

Mnyoosha Viungo

Waaleikum salaam Bi Shani. Hilo la mikono mitupu limenisimamisha. Wazee wengi wanaoniambia "siwezi kwenda, miguu" nikiwadadisi nakuta ni sadaka, ni kanga ya kuvaa, ni meno, ni masikio.

Masikio hasa. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet liliorodhesha mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau, na wakasema karibu asilimia 45 ya hatari hiyo duniani ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Usikivu hafifu umo, macho yasiyotibiwa yamo, kutengwa na watu kumo. Vitatu hivi hutembea pamoja. Mzee hasikii vizuri, anaona aibu kuuliza mara mbili, anaacha kuongea, watu wanaacha kumwongelesha, mwisho familia inasema "amezeeka, amekuwa kimya". Kabla ya kusema hivyo mpelekeni akaangaliwe masikio. Wengine ni nta tu imeziba.

Yuko Leicester

Habari za huko nyumbani. Nafanya kazi ya kutunza wazee hapa Uingereza. Naingia nyumba ya mzee, napewa dakika 15: nimwamshe, nimsafishe, nimpe dawa, nitie sahihi, nitoke. Kuna wazee ambao mimi ndiye mtu pekee waliyemwona siku hiyo. Nyumba ina joto, friji imejaa, daktari yuko bure, kila kitu ambacho tunawaombea wazazi wetu. Na mzee ananiomba nikae dakika moja zaidi, anajifanya hapati kitufe cha shati.

Nchi hii iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018. Siku hizi zahanati zina wafanyakazi wa kumuunganisha mzee na kikundi cha bustani, kwaya au kutembea, kwa sababu wameona vidonge peke yake havitoshi. Wanajenga upya kwa fedha nyingi kitu ambacho Bi Shani anasema sisi tunakibomoa kwa ukuta. Naandika hili nikiwa na mama yangu Tanga, peke yake na msichana wa kazi, na kila jioni tunaongea kwa video. Naogopa sana.

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, nimesoma yote. Mimi nimevuka miaka 70, nilifundisha shule za msingi Lindi na Mtwara, sasa niko Kibaha kwa mwanangu. Niwaambie kitu kutoka upande wa pili.

Mnatuuliza kila saa "mzee umekula?", "mzee umelala?" Hamtuulizi "mzee hili unalionaje?" Nilipofika hapa kazi yangu ya kwanza ilikuwa kungoja chai. Jirani mmoja akasikia kwamba nilikuwa mwalimu, akaniletea mwanawe wa darasa la nne aliyeshindwa kusoma. Sasa nina watoto kadhaa chini ya mwembe kila alasiri, tunasoma kwa sauti. Naamka nikiwa na jambo la kufanya. Nanyoa ndevu.

Jingine wanaume hatulisemi. Wenzangu wengi wameacha kwenda msikitini, kanisani, mikutanoni kwa ajili ya tezi dume. Kila baada ya muda mfupi unataka kwenda haja, na choo hakuna, au kipo cha kuchuchumaa na magoti hayakubali. Mtu akishajikojolea hadharani mara moja, harudi tena. Anasema ana mafua. Mkijenga nyumba ya ibada au ofisi ya serikali ya mtaa, wekeni choo cha kukaa chenye chuma cha kushikia ukutani. Hicho kitawatoa wazee ndani kuliko semina.

Mnyoosha Viungo

Shikamoo Mwalimu. Umenipa maneno niliyokuwa nayatafuta.

Wadau, hili la "mzee mwenye kazi" lina mizizi mirefu hapahapa Tanzania. Miaka ya 1980 watafiti Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones waliwafuatilia Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wachuma matunda kando ya Ziwa Eyasi. Walikuta mabibi waliokwisha pita umri wa kuzaa wanachimba mizizi kwa bidii kubwa, na mama anapokuwa na kichanga, ni kazi ya bibi iliyoonekana kwenye uzito wa yule mtoto mkubwa aliyeachishwa ziwa. Kutokana na hapo wakajenga hoja kwamba binadamu anaishi miaka mingi baada ya kuacha kuzaa kwa sababu bibi anahitajika.

Na Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na mabibi 14 pale Mbare, Harare. Aliwafundisha kuwasikiliza watu wenye sonona, wakikaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Matokeo ya jaribio lao yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la madaktari wa Marekani, na waliohudumiwa na wale wahudumu wasio madaktari walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Watu husifia wagonjwa waliopona. Mimi namtazama bibi. Ana mahali pa kwenda, ana jina la kazi, kuna mtu anamsubiri.

Kwa wanaoanza kusahau pia si lazima kuwafungia ndani. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walijaribu vikundi vidogo vya wazee wa namna hiyo: mikutano 14 kwa wiki 7, wanaimba, wanazungumza habari za zamani, wanashika vitu na kuvitaja. Kumbukumbu na wasiwasi vilionyesha nafuu, na gharama yake kubwa ni muda wa watu.

Yuko Leicester, kuhusu mama Tanga: simu ya video ni nzuri, iendelee, ila haimtoi kitini. Ukituma hela ya matumizi, tenga sehemu ndogo awe anakaribisha. Wamama wa kikundi chake wakutane kwake mara moja kwa wiki, chai na maandazi juu yake. Ukipiga simu siku hiyo utasikia kelele, na ukisikia kelele utajua yuko salama. Na msichana wa kazi aambiwe waziwazi: mama akitaka kuchambua mchele, amwache achambue.

Mtoto wa Makete

Mwanzisha uzi, nimempima baba kwa kile kipimo cha kiti. Amefika mara 7 akachoka, ana miaka 72. Halafu nikamuuliza swali lako, anataka kwenda wapi. Amesema kuna fundi seremala njia ya kuelekea sokoni, anasikia randa kila asubuhi. Baba alikuwa seremala. Miaka yote hii tunakaa hapa hajawahi kutaja. Je, kwa mguu uliopona kidonda cha sukari ni salama kutembea hadi huko? Ni kama mita mia nne.

Mnyoosha Viungo

Mara nyingi ni salama ukizingatia haya. Viatu vya kufunika vidole, visivyobana, na soksi safi. Ndala hapana, na kwenye karakana kuna misumari, hivyo soli iwe ngumu. Kagua nyayo zake kila jioni kwa tochi, kwa sababu mwenye sukari anaweza kuchomwa asisikie. Asitoke na njaa, abebe pipi au sukari mfukoni. Wiki ya kwanza aende nusu ya njia na kurudi, muwekee mahali pa kukaa katikati. Mwombe mwenye duka la njiani akuruhusu kuacha kiti hapo.

Na kabla ya yote nenda mwenyewe kwa huyo seremala, jitambulishe, mwambie baba yako ni fundi mwenzake. Muache fundi ndiye amwalike.

Mtoto wa Makete

Naenda Jumamosi asubuhi. Nitaleta mrejesho.